Wanataka nisaini hakimiliki ndipo wanitetee

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 31, nakaa Mtwara mjini, nina mke na mtoto mmoja. Mchana natengeneza kompyuta na printa katika duka la mtu kule Chikongola, na usiku, kwa miaka minne sasa, nimekuwa nikiandika programu. Naomba univumilie nieleze kwa kirefu, kwa sababu watu wa nyumbani nikiwaeleza kwa kifupi huelewa vibaya.

Kuna programu huria ya kupima mazao na kutunza kumbukumbu zake. Ilianzishwa na kampuni moja ya Ulaya, na mpaka leo kampuni hiyo ndiyo inayowalipa waandishi wake wakuu. Imetolewa kwa leseni ya GPL toleo la 3, maana yake mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuibadilisha na hata kuiuza, mradi yule anayempa ampe na msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, kwa masharti yaleyale. Niliipenda kwa ajili ya korosho. Nilikuwa nimewaona makarani wa vyama vya msingi vya ushirika wanavyohangaika msimu ukifunguliwa: mtandao umekatika, foleni ya wakulima imefika barabarani, mzani unasoma lakini risiti haitoki. Nikaandika sehemu inayosoma mzani wa kidijitali, inayohifadhi uzito hata kama mtandao haupo, na inayotoa risiti kwa Kiswahili. Upande wa printa niliandika pamoja na dada mmoja wa Newala niliyesoma naye chuo. Kampuni iliipokea kazi yetu, ikaiingiza kwenye programu, na majina yetu yamo katika orodha ya waandishi. Hatukulipwa, na hatukudai.

Novemba iliyopita nilimsindikiza mjomba wangu Tandahimba kupeleka korosho. Pale chamani nikakuta mashine mpya, kisanduku cheusi chenye skrini ya kugusa na printa ndogo ubavuni, kimebandikwa nembo ya muuzaji mmoja wa Dar es Salaam. Karani akapima gunia, akabonyeza, risiti ikatoka. Chini ya kilo kulikuwa na maneno "Uzito umethibtishwa". Shangazi, kosa hilo ni langu. Niliiruka herufi "i" usiku mmoja miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo jicho langu lilikuwa likipita juu yake bila kuiona. Nilisimama pale na risiti ya mjomba mkononi kama mtu aliyekutana na mwanawe sokoni akiitwa kwa jina la baba mwingine.

Nilimwomba karani anionyeshe menyu za ile mashine. Hamna neno GPL, hamna jina la programu wala la mtu, hamna maelezo ya mahali pa kupata msimbo. Wanauza kazi yangu na hawanitaji. Muuzaji nimemwandikia barua pepe mara tatu, kimya.

Nikaiandikia kampuni ya Ulaya. Walijibu siku ya pili yake, kwa heshima, kwamba wako tayari kumfuatilia muuzaji, lakini kwanza nisaini mkataba wa kuwahamishia hakimiliki ya kila nilichoandika na nitakachoandika kwa ajili ya programu hiyo, duniani kote na bila ukomo. Wanasema mwenye hakimiliki ndiye anayeweza kudai, na hakimiliki ikitawanyika kwa watu wengi hakuna anayedai vizuri. Wamegusia pia kwamba wanatafuta mtu wa kuwasaidia huku kusini, kwa malipo.

Dada wa Newala amekataa kusaini. Anasema kampuni hiyohiyo huwauzia wateja wakubwa programu ileile kwa leseni nyingine isiyowalazimisha kutoa msimbo, na tukisaini watauza na wa kwetu. Mjomba, ambaye ndiye aliyetoa fedha za korosho zake za msimu mmoja nikanunua kompyuta, alisikiliza yote kisha akasema hiyo ni kangomba tu, ila safari hii bakuli limetoka Ulaya. Mke wangu hataki kabisa nifungue mdomo, kwa sababu kaka yake, shemeji yangu, ndiye fundi aliyeajiriwa na yule muuzaji kufunga mashine hizo Tandahimba na Newala, na ndiyo ajira yake ya kwanza tangu amalize chuo.

Kampuni inataka jibu kabla ya mwezi huu kwisha. Nisaini nitetewe, nipambane mwenyewe, au ninyamaze?

Mwenye Kosa la Herufi Moja, Mtwara

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, kwa sababu umenitumia magunia matatu yaliyofungwa kwa kamba moja. Kuna muuzaji ambaye yaelekea hatimizi masharti ya leseni, kuna kampuni inayoitaka hakimiliki yako, na kuna nyumba yako. Kampuni imeyachukua mawili ya kwanza ikayafanya kana kwamba moja ni bei ya jingine. Mimi si wakili. Nilikuwa karani wa masjala kwa miaka mingi, na kazi ile ilinifundisha kufungua kamba kabla ya kupima.

Tuanze na muuzaji, kwa kuwa ndiye aliyekuumiza. Unasema anauza kazi yako. Kuuza si kosa, na wewe mwenyewe umelieleza hilo vizuri huko juu kabla hasira haijakupanda. Kosa ni kumkabidhi mtu mashine bila msimbo, au bila ahadi ya maandishi ya kumpa msimbo akiutaka, na kuyaficha matangazo ya hakimiliki na leseni. Hata hapo nasema polepole, maana menyu ulizoonyeshwa si ushahidi wote. Huenda kuna kijitabu kilichokuja na mashine, kikatiwa kabatini na katibu wa chama bila kufunguliwa. Kiulizie kabla hujaandika barua ya nne.

Na hapohapo chamani kuna mlango ambao hukuutaja. Anayestahili kupewa msimbo kwa mujibu wa GPL ni yule aliyeipokea mashine, na aliyeipokea mashine ni chama cha msingi. Katibu anaweza kumwandikia muuzaji, kama mteja anavyomwandikia aliyemuuzia, kuomba msimbo wa programu iliyomo. Huko Marekani, mwaka 2021, Software Freedom Conservancy, shirika linalotetea programu huria, liliifungulia kampuni ya Vizio shauri California juu ya programu zilizomo kwenye televisheni zake, na lilisimama kama mnunuzi wa televisheni, halikusimama kama mwenye hakimiliki. Sikwambii uwapeleke wazee wa chama mahakamani. Nakwambia barua ya mteja wakati mwingine husomwa haraka kuliko ya mtu asiyejulikana anayelalamika kutoka Chikongola. Hatari yake ni kwamba katibu naye ana uhusiano wake na muuzaji, anahitaji mashine ifanye kazi msimu ukifunguliwa, na anaweza asipende kuingizwa katika ugomvi usio wake.

Sasa kampuni. Waliyokwambia yana ukweli, na sipendi uyatupe yote kwa sababu tu mjomba amecheka. Taasisi ya Free Software Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1985, kwa miongo mingi ilikusanya hakimiliki za waandishi wa GNU, mkusanyiko wake wa programu huria, kwa hoja hiyohiyo ya kudai kwa mkono mmoja. Na mfano wa kinachompata anayedai peke yake upo. Christoph Hellwig, mmoja wa waandishi wa kiini cha Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, aliishtaki kampuni ya VMware mjini Hamburg, Ujerumani. Shauri lilitupwa mwaka 2016, na rufaa yake ikatupwa mwaka 2019, kwa sababu mahakama iliona hakuthibitisha vya kutosha ni mistari ipi hasa aliyoiandika yeye ndiyo iliyokuwemo ndani ya bidhaa ya mshtakiwa. Hakupoteza kwa sababu leseni ni batili. Alikwama kwenye uthibitisho.

Lakini hebu jiulize jambo moja. Ndani ya kile kisanduku cheusi mna mzani wako peke yake? Umesema programu ni ya kampuni, na waandishi wake wakuu wanalipwa na kampuni, kwa hiyo yaelekea sehemu kubwa ya msimbo uliomo tayari ni mali yao. Kama muuzaji amevunja masharti ya leseni, ameyavunja na kwao. Wanaweza kumwandikia kesho asubuhi kwa hakimiliki yao wenyewe, bila saini yako wala ya dada wa Newala. Waulize kwa upole kwa nini hawajafanya hivyo. Pengine wanalo jibu zuri. Pengine sehemu inayowahakikishia kwamba programu ni yao ni hilo kosa lako la herufi moja, na wanataka kuishika ile iliyo dhahiri. Ila usikubali kuambiwa kwamba bila saini mikono yao imefungwa, kisha usiulize imefungwa na nini.

Swali la pili ndilo lililonikosesha usingizi kwa niaba yako. Kutetewa, kwa maana yao, kunaishia wapi? Ukibaki na hakimiliki yako, muuzaji hana njia ya kuhalalisha matumizi ya sehemu yako ila kufuata GPL, yaani atoe msimbo na ayarudishe majina, au aiondoe kabisa. Ukiihamisha, njia ya pili inafunguka: kampuni inaweza kumuuzia ileile leseni nyingine inayouzwa kwa wateja wakubwa, na kuanzia siku hiyo kisanduku kinakuwa halali bila msimbo kutoka na bila jina lako kuonekana popote. Kampuni itakuwa imemfuatilia muuzaji kweli, kama ilivyoahidi. Sisemi watafanya hivyo. Nasema maandishi uliyonieleza hayawazuii, na wewe katika barua yako yote hukuniambia unataka fedha. Ulisimama na risiti mkononi ukatafuta jina.

Kwa hiyo dada wa Newala hajakosea. Lakini naye aelewe kwamba kukataa kwake hakumalizi mambo, kwani kampuni inaweza kuiandika upya sehemu ya printa na kuendelea bila yeye. Wala wewe huna mamlaka ya kumsainia kazi mliyoifanya pamoja. Kabla hujafanya lolote, kaeni mbele ya kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo mtenganishe nani aliandika nini.

Kuhusu kangomba, mjomba wako amenichekesha, na mtu wa kusini anayeijua ile biashara ya kumpimia mkulima mwenye njaa korosho kwa bakuli kabla ya msimu, kwa bei ya kutupa, ataelewa mara moja anachokihofia. Hata hivyo mfano haukai sawasawa. Korosho zikishamwagwa kwenye gunia la mwingine hazipo tena kwako, ilhali msimbo uliokwisha kutolewa kwa GPL unabaki huria kwa kila aliyeupata. MySQL, hifadhidata iliyoandikwa na kampuni ya Uswidi iliyokusanya hakimiliki mkononi mwake na kuuza leseni za namna mbili, ilinunuliwa na kampuni ya Sun mwaka 2008, na Sun yenyewe ikawa mali ya Oracle mwaka 2010. Mwanzilishi wake, Michael Widenius, aliuchukua msimbo uleule uliokuwa huria akaanzisha MariaDB, ambayo iko hai mpaka leo. Ndivyo LibreOffice, programu ya kazi za ofisini, nayo ilivyozaliwa mwaka 2010 kutoka OpenOffice, na wao hawawataki wachangiaji wahamishe hakimiliki.

Mahali ambapo mjomba yuko karibu zaidi na ukweli ni kwenye lile neno "nitakachoandika". Mkulima wa kangomba anauza msimu mmoja. Wewe unaombwa na misimu ambayo mikorosho yake hujaipanda, na unayempa leo huenda siye atakayekuwa na karatasi hiyo baada ya miaka kumi, kama watu wa MySQL walivyoona katika muda wa miaka miwili tu.

Kuna jambo dogo la kukagua hapa. Kazi yako ya kwanza ilipopokelewa, je, ulibonyeza kukubali masharti yoyote? Miradi mingi ya kampuni huwa na makubaliano ya mchangiaji yasiyohamisha hakimiliki lakini yanayoipa kampuni ruhusa pana ya kubadilisha leseni. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp iliiondoa programu yake ya Terraform kwenye leseni huria ikaiweka kwenye leseni yenye vizuizi, na iliweza kufanya hivyo kwa ruhusa ya namna hiyo. Kama ulikubali kitu kama hicho miaka minne iliyopita, basi mazungumzo yetu yana sura nyingine, na ni afadhali ukijue leo. Angalia pia mkataba wako wa dukani, kama upo, unasema nini kuhusu kazi unazoziandika ukiwa mwajiriwa.

Kusaini na kukataa si njia mbili pekee. Unaweza kurudisha karatasi yao ikiwa na maneno yako. Free Software Foundation, ilipopokea hakimiliki, iliahidi kwa maandishi kwamba kazi itaendelea kutolewa huria, na ikamrudishia mwandishi ruhusa ya kuitumia kazi yake apendavyo. Huko Ulaya kuna mkataba wa uaminifu ulioandaliwa na FSFE, shirika la Ulaya linalotetea programu huria, ambao mpokeaji akikiuka ahadi ya kuiacha kazi iwe huria, haki zinarudi kwa mwandishi. Unaweza kuomba kazi zijazo zifutwe, au uhamisho uhusu shauri la muuzaji huyu tu, au usihamishe chochote ila uwape uwakala wa kudai kwa niaba yako. Watakapokataa, soma sababu ya kukataa kwao kwa makini kuliko mkataba wenyewe. Soma pia kifungu cha mahakama ya nchi gani itaamua mkigombana. Kufungua kesi Ulaya ukiwa Mtwara si safari ya basi.

Ile kazi ya malipo iombe iwe na mkataba wake. Wakikuhitaji huku kusini, watakuhitaji hata bila saini hii, na kama hawatakuhitaji bila saini basi umeshajua ilikuwa sehemu ya bei. Ningekuwa mama yako ningekwambia pia kwamba mwenye mtoto mdogo hapaswi kuona aibu kuipima fedha, ilimradi ajue anapima nini.

Ukiamua kupambana mwenyewe, hakimiliki yako ipo bila kusajiliwa popote, kwa sababu Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, na sheria yetu ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, inaweza kukupokea ukajiandikisha, na hilo husaidia kwenye uthibitisho. Sheria hiyo pia inaitambua haki ya mwandishi kutajwa, kando ya haki za kiuchumi. Ila angalia unavyodai. Nchini Ujerumani alikuwepo mchangiaji mmoja wa Linux aliyegeuza madai ya GPL kuwa njia ya kukusanya fedha, mpaka wenzake wa Netfilter, kundi linaloandika sehemu moja ya Linux, wakamsimamisha mwaka 2016. Mwaka mmoja kabla ya hapo mashirika yanayosimamia programu huria yalikuwa yameandika kanuni zao za kudai: shabaha ni leseni ifuatwe, fedha si lengo la kwanza, na mahakama ni ya mwisho. GPL toleo la 3 nayo ina huruma yake, kwa kuwa anayekumbushwa na mwenye hakimiliki kwa mara ya kwanza, akajirekebisha ndani ya siku 30, anarudishiwa ruhusa yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Je, zile barua pepe zako tatu zilimwambia hayo, au zilimwita mwizi? Sijaziona. Wewe unazo.

Nakusisitizia siku hizo 30 kwa ajili ya shemeji yako. Mke wako anadhani ukifungua mdomo kaka yake atakosa kazi, na wewe, nadhani, umeingia hofu hiyohiyo bila kuikagua. Muuzaji akiweka msimbo mahali unapopatikana na akarudisha majina kwenye menyu, mashine zitaendelea kufungwa na fundi ataendelea kuhitajika. Inaweza pia isiwe hivyo. Muuzaji anaweza kukasirika na kumtazama vibaya kijana mwenye udugu na mlalamikaji, na hilo siwezi kukuondolea. Ninachokuomba ni kwamba asije akasikia habari hizi kwa bosi wake. Mwiteni nyumbani, wewe na dada yake, mle, kisha umwonyeshe risiti. Usimwombe akuchukulie mafaili kutoka kwenye mashine, hata akijitolea, kwa kuwa utamweka kwenye hatari ambayo leseni yako haiwezi kumtoa.

Na kunyamaza? Kunyamaza nako ni uamuzi, na watu wazima huuchukua. Tofauti iko kati ya kunyamaza mwezi huu ili upate kujua zaidi, na kunyamaza kwa sababu umechoka. Hakimiliki yako haiozi tarehe 30. Tarehe hiyo wameipanga wao, na unaweza kuwaandikia kwamba unahitaji muda wa kumwona wakili na kuzungumza na mwandishi mwenzako. Hilo si tusi kwa mtu yeyote.

Halafu ile risiti, mwanangu. Karatasi za printa hizo hutoa maandishi kwa joto, na kwa jua letu la huku maandishi yake hufifia mpaka inabaki nyeupe. Ipige picha leo, pande zote mbili, kisha uitoe nakala, na juu ya nakala uandike tarehe, jina la chama na nani alikuwepo. Ya asili itie kwenye bahasha, uiweke gizani. Usiipeleke kufanyiwa leminesheni. Ile mashine itaigeuza nyeusi tii.